Kuuzunguka Mlima kwa Boda Sita

Stejini kwetu Kitale wananiita Profesa. Nilipewa jina hilo siku ya kwanza, baada ya kumsahihisha mtu Kiingereza chake bila kuombwa, na halijanitoka mpaka leo. Abiria wakilisikia hucheka wakidhani ni utani tu. Wenzangu wanajua kwamba nilifika chuo kikuu nikaacha nikiwa mwaka wa tatu. Kitu ambacho hawakukijua, mpaka Agosti 2024, ni kwamba mama yangu hakuwa na habari.

Mama anakaa upande wa Chwele, kaunti ya Bungoma. Kwa karibu miaka miwili nilikuwa nampigia simu kila Jumapili jioni na kumsimulia mitihani ambayo sikuifanya. Januari 2023 aliuza mtamba wake, ng'ombe wa pekee aliyekuwa anakaribia kuzaa, akanitumia shilingi elfu sitini na tano za karo. Wakati huo nilikuwa nimekaa nje muhula mzima. Sababu zilikuwa nyingi, na karo ni moja tu, kwa hiyo sitaisingizia yote. Zile pesa nikanunua Boxer iliyokwisha kutumika, asubuhi nikawa nabeba abiria, na usiku nikawa naandika. Niliandika nini? Insha za wanafunzi wa Marekani na Uingereza, kwa malipo, kama walivyofanya vijana wengi wa Kenya kabla programu za akili mnemba hazijatunyang'anya ile kazi. Kuna watu watatu ng'ambo waliomaliza shahada zao kwa karatasi nilizoziandika nikiwa nimekaa juu ya kitanda Kitale. Wote walifaulu vizuri.

Basi huo ndio mzigo niliokuwa nao safari ilipopangwa.

Safari yenyewe ilianza kama porojo za stejini. Mwenyekiti wetu ana dada aliyeolewa Manafwa, Uganda, na kijana wa dada huyo alikuwa anatahiriwa mwaka huo. Sisi Wabukusu na ndugu zetu Wagisu wa Uganda hutahiri miaka inayogawika kwa mbili, msimu ukifunguliwa Agosti, na mjomba wa kijana lazima aonekane. Mwenyekiti angeweza kupanda matatu mpaka Malaba, avuke, apande nyingine mpaka Mbale, na mambo yaishe. Akakataa. Alisema barabara ya kutoka Suam mpaka Kapchorwa sasa ina lami, na kwamba ameishi chini ya huu mlima miaka arobaini na sita bila kuuona mgongo wake. Atakwenda kwa pikipiki, aupite kwa nyuma, arudi kwa mbele. Nani anamsindikiza?

Tukawa sita. Mwenyekiti mwenyewe. Fundi, ambaye hatembei bila spana hata akienda kanisani. Pasta, ambaye si pasta, ila huomba kwa sauti kabla ya kubeba abiria yeyote mnene. Cheptais, Msabaoti tuliyempa jina la kwao. Kadogo, mwenye miaka kumi na tisa na pembe ya lori kwenye pikipiki yake. Na mimi. Tulipopanga foleni kwenye petroli alfajiri ile, kila mtu na jaketi la riflekta, mhudumu akauliza kama tunaenda Safari Rally. Kadogo akampigia pembe.

Niliuliza, kama mtu asiye na haja sana na jibu, kuhusu njia ya kurudi.

"Lwakhakha," Mwenyekiti akasema. "Sirisia, Chwele, Kimilili, Kamukuywa, nyumbani. Si kwenu ni Chwele, Profesa? Tutakunywa chai kwa mama."

Nikamwambia Malaba ndiyo barabara kubwa. Akanijibu kwamba Malaba kuna foleni ya malori.

Niseme kidogo kuhusu huu mlima, kwa sababu watu wengi wanaujua kwa jina tu. Ramani zinauita Elgon, jina lililotokana na Wakony, mojawapo ya jamii za Wasabaoti. Wabukusu na Wagisu tunauita Masaaba. Kilele chake kirefu, Wagagai, chenye mita 4,321, kiko Uganda, ingawa ukiwa Kitale asubuhi isiyo na mawingu utaapa kwamba mlima mzima ni wetu. Hauna ncha kama Kilimanjaro. Ni volkano ya kale iliyochakaa ikabaki pana na bapa juu, kama sufuria iliyofunikwa chini juu, na ukubwa wake huujui mpaka uuzunguke. Mpaka wa nchi unaupasua katikati. Kabla ya 1902 usingevuka mpaka wowote, kwani nchi yote hii ya magharibi, Kisumu mpaka Naivasha, ilihesabiwa kuwa Uganda. Waingereza ndio walioihamishia upande wa pili, kwa kalamu, bila ng'ombe hata mmoja kuhama malisho yake.

Sheria za msafara alizitoa Mwenyekiti pale petroli. Yeye mbele. Pikipiki dhaifu zaidi, au mtu mgeni zaidi wa safari ndefu, anafuata nyuma yake, ili mwendo wa wote uwe mwendo wake. Fundi mkiani siku zote. Na kila mtu, awashe taa mchana kweupe, na kila dakika aitafute kwenye kioo taa ya aliye nyuma yake. Usipoiona, simama. Huhitaji kupiga honi wala kumfukuza aliye mbele kumjulisha, kwa sababu yeye naye ataikosa taa yako, atasimama, na aliye mbele yake vilevile, hadi Mwenyekiti ajikute yuko peke yake na ageuke. Nimesoma nadharia za mawasiliano mihula minne na sijakutana na mtambo rahisi kuliko huo.

Mgeni wa safari ndefu nilikuwa mimi. Nilitakiwa nikae nafasi ya pili. Nikaona aibu, nikaomba ya tano, karibu na Fundi. Mwenyekiti akaniangalia, akainua mabega.

Endebess tulipita jua likichomoza, mahindi ya Trans Nzoia yamesimama pande zote kama watu kwenye mkutano wa chifu, na mlima ukiwa mkono wa kushoto. Ungekaa mkono huo huo siku zote tatu. Ukitoka Kitale kwa Suam huwezi kupotea: mlima ukiuona kulia kwako, unarudi nyumbani.

Suam ni mto kabla ya kuwa mpaka. Tangu 2014 Mkenya huvuka kwenda Uganda kwa kitambulisho tu, kwa hiyo kilichochukua muda ni pikipiki: logibuku, bima, fomu. Afisa alichukua logibuku yangu akasoma jina langu lote, matatu, kwa sauti, halafu akauliza, "Ni wewe mwenye hii pikipiki?" Sikuwahi kuulizwa. Nikasema ni mimi, na shingo ikanichemka kama mtu aliyeshikwa na kuku wa jirani. Pembeni Mwenyekiti alikuwa akibadilisha pesa. Elfu arobaini zetu zikawa zaidi ya milioni moja za Uganda, na kuanzia hapo Kadogo akamwita Milionea.

Wazee hueleza kwamba neno boda lenyewe lilizaliwa mpakani, huko Busia na Malaba, enzi za baiskeli zilizokuwa zikivusha watu kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi ya pili. Boda, boda. Mimi nilikuwa nimefanya kazi hiyo mwaka na nusu bila kuvuka boda hata moja.

Bukwo ni nyumbani kwa Jacob Kiplimo, mkimbiaji, na ukiona watoto wanavyopanda ile milima na mitungi ya maji bila kuhema unaacha kushangaa. Tulisimama kunywa chai. Hapo ndipo Cheptais, mtu wa maneno machache, alipoanza kuongea, na kuongea, na wenye hoteli, na wauza viazi, na mzee mmoja mwenye fimbo. Wasabei wa Uganda na Wasabaoti wa Kenya ni watu wamoja. Hakuhitaji neno moja la Kiswahili. Tulipotoka, akatuonyesha kwa kidole bonde fulani lililoteremka kutoka msituni.

"Nilishuka hapo," akasema. "2008. Nilikuwa na miaka tisa."

Wote tulijua 2008 ni nini. Vita vya mashamba ya Chepyuk, vijana wa msituni kwanza, halafu Machi mwaka huo jeshi likaja, na familia nyingi za Mlima Elgon zikakimbilia Uganda kwa miguu. Yeye alibebeshwa sufuria. Walitembea siku mbili, na mama yake alikuwa akigeuka kila baada ya muda kuhesabu watoto. Alisema hivyo tu, akavaa helmeti.

Kutoka Suam mpaka Kapchorwa ni kilomita 73. Zamani, wanasema, mvua ikinyesha ungezimaliza kwa siku mbili, lori likiwa limezama hapa na jingine pale. Mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika umeweka lami, na lami hiyo ni tamu, ina kona ambazo Kadogo alizipiga akiwa karibu amelala ubavu mpaka Mwenyekiti akamtishia kumrudisha kwa lori la viazi. Lakini mlima haujui habari za mkopo. Agosti ni mvua. Juu ya Bukwo ukungu ulishuka kwa ghafla, barabara ikawa nyeusi, na kila mahali mto mdogo ulikuwa umemwaga tope jekundu juu ya lami. Nilishuka gia kupanda kona moja kali. Nikavuta klachi tena na mkono ukaja bure, laini, kama kuvuta kamba iliyofungwa kwa hewa. Kebo imekatika. Injini ikagonga mara mbili, ikazima.

Fundi angekuwa nyuma yangu. Ila dakika chache kabla alikuwa amenipita kwenda kumuuliza Mwenyekiti habari ya petroli, kosa ambalo baadaye alilikiri mbele ya wote. Kwa hiyo nyuma yangu hapakuwa na mtu, na mbele taa nyekundu ya Pasta ilimezwa na ukungu. Laini yangu ya Kenya haikushika mtandao. Hakuna nyumba. Maji yalikuwa yanatiririka chini ya barabara mahali fulani na kengele ya ng'ombe ikilia mbali, juu.

Nataka kueleza vizuri nilichokifanya.

Kwanza nilizima taa. Nilijiambia nahifadhi betri. Halafu nikaona kwamba kama nikiigeuza pikipiki, mteremko wenyewe utanishusha mpaka Bukwo bila injini. Bukwo kuna fundi. Kesho ningekuwa Suam, kesho jioni Kitale, na ningekuwa na sababu safi kabisa, sababu yenye kebo iliyokatika, ya kutopita Chwele. Hawa watano wangekunywa chai kwingine. Nikaigeuza. Nilikuwa nimeacha chuo namna hiyo hiyo, ukitaka kujua. Hapakuwa na siku ya kuamua. Muhula mmoja nilichelewa kujisajili, mfumo wa usajili ukafungwa, na nikagundua kwamba hakuna mtu aliyeona. Darasa la watu mia tatu na kitu. Nilikaa chumbani wiki nzima nikisikiliza kama kuna atakayepiga simu, na kila siku niliyokaa kimya ilifanya ya pili yake kuwa rahisi.

Nilikuwa nimeshuka kama mita mia nne hivi, mguu mmoja chini nikiburuza, niliposikia pembe ya lori. Nikajibanza kando ya barabara. Halikuwa lori.

Walitokea kwenye ukungu mmoja mmoja, taa tano, Kadogo mbele. Mwenyekiti alisimama, akafungua kioo cha helmeti, akaiangalia pikipiki yangu.

"Profesa. Mbona pua ya pikipiki inaangalia Kenya?"

Nilikuwa na uongo tayari. Natafuta mtandao, ningesema. Sijui kwa nini haukutoka. Labda ni baridi, labda ni vile Cheptais alivyokuwa ananiangalia. Nikawaambia. Mtamba, karo, simu za Jumapili, mahafali ambayo mama anaisubiri mwezi wa kumi na moja, na nguo aliyokwisha kushonesha. Niliongea nikiwa nimeshika usukani kama mtu anayehojiwa na trafiki.

Kadogo akacheka. Pasta akampiga kofi la helmeti.

"Kwa hiyo umekula ndama wa mama," Mwenyekiti akasema.

"Ndiyo."

"Tutapita kwake."

"Mwenyekiti, tafadhali. Malaba..."

"Malaba kuna malori, nimekwambia." Akamgeukia Fundi. "Una kebo?"

Fundi alikuwa nayo, imeviringwa ndani ya jaketi lake. Ilimchukua kama dakika ishirini, huku Pasta amemwinamia na mwavuli wa abiria. Sehemu iliyochubuka akaifunga kwa kipande cha blada. Aliponimalizia hakusema kitu ila, "Klachi hii umeila pia." Mwenyekiti akaniweka nafasi ya pili, nyuma yake, na sikutoka hapo tena.

Kapchorwa nitaipita haraka, kama tulivyoipita. Ni mji wa wakimbiaji: Stephen Kiprotich aliyechukua dhahabu ya marathoni London 2012 anatoka eneo hilo, na Joshua Cheptegei pia, aliyekuwa ameshinda mbio za mita 10,000 Paris wiki chache tu kabla sisi hatujafika. Kila mtu tuliyemuuliza njia alitutajia Cheptegei kwanza. Tulikula roleksi, mayai yaliyoviringwa ndani ya chapati, mbili mbili. Maporomoko ya Sipi tuliyaona kutoka barabarani, yule mkubwa akishuka kama mita mia moja bila kugusa jiwe, na mtu akatutaka pesa kwa kuyaangalia, tukaacha kuyaangalia. Ila mteremko baada ya Sipi sitausahau. Ukungu uliisha kama pazia, na kulia kwetu, chini kabisa, tambarare za Karamoja zilikuwa zimetandikwa mpaka mwisho wa macho, kavu na za bluu. Tulishuka kwa gia ya pili, injini zikinguruma, kwa sababu ukishuka pale kwa breki peke yake utafika Muyembe bila breki. Za Pasta zilinuka hata hivyo. Aliomba kwa sauti kona zote.

Mbale ilitupokea usiku, taa za mji chini ya ukingo wa Wanale. Kulipokucha tukaenda Manafwa.

Kijana alikuwa na miaka kumi na saba na alikuwa amecheza siku tatu. Mwili mzima umepakwa unga, miguu imevimba, ngoma za kadodi hazinyamazi, na kundi la watu nyuma yake lilikuwa linaongezeka kila njia panda, kama mto. Mwenyekiti aliposhuka kwenye pikipiki kijana alimwona na hakutabasamu. Haruhusiwi kuwa na uso wa kawaida siku hiyo. Akamjia akicheza mpaka wakagusana vifua. Mwenyekiti, mtu anayekoromea askari wa kaunti, alilia waziwazi.

Mimi nilitahiriwa hospitalini, Bungoma, nikiwa darasa la sita, likizo ya Agosti, na juisi nikapewa. Sijawahi kujutia. Lakini nilijipenyeza mbele nione. Uani, mbele ya nyumba ya baba yake, alisimama na fimbo ameishika nyuma ya shingo kwa mikono miwili, macho mbele. Wote tulikuwa tunayaangalia hayo macho na si kitu kingine. Kupepesa kunahesabiwa. Mama yake alikuwa ndani, mlango umefungwa, haoni chochote, anasubiri firimbi. Ikilia, kijana amesimama. Kazi yenyewe ilikuwa fupi kuliko kupiga kiki pikipiki iliyolala nje. Firimbi ikalia, na kelele iliyotoka ndani ya ile nyumba ilizidi ya nje.

Nilitoka nikaenda kukaa kando ya migomba. Wangu mimi nilikuwa nimempigia firimbi ya uongo.

Jioni tulikula malewa, machipukizi ya mwanzi wa huko juu mlimani, yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga. Wagisu wanajivunia chakula hicho kuliko kahawa yao. Kutoka uani tuliweza kuona, upande wa Bududa, makovu mekundu kwenye miteremko. Ni maporomoko ya ardhi. Lile la Machi 2010 lilifunika kijiji cha Nametsi na mamia ya watu, na 2018 mto ulishuka tena na mawe. Mzee mmoja alitueleza kwamba watu waliohamishwa wengine wamerudi, kwa sababu udongo ule ule unaoua ndio unaootesha. Alisema hivyo huku anamenya ndizi.

Karibu na mpaka laini ya Kenya huanza kushika. Usiku huo nikampigia.

"Mayi, kesho nitapita nyumbani. Niko na wenzangu watano."

"Wenzako wa chuo?"

Ngoma zilikuwa bado zinalia. Nilisema, "Wenzangu." Simu ikakatika, au niliikata. Hata leo sina hakika.

Asubuhi tulivuka Lwakhakha, mto mwingine unaojifanya mpaka, na mlima bado uko kushoto, safari hii uso wake ninaoujua. Sirisia. Kahawa, migomba, watoto wa shule wakipunga mikono kwa pembe ya Kadogo. Nilitamani kebo ikatike. Fundi alikuwa ameifunga vizuri sana.

Mama alikuwa amekopa viti vya plastiki kanisani. Niliviona kabla sijamwona yeye: sita, vimepangwa chini ya mwembe, kila kimoja kimepanguswa. Alikuwa amevaa gauni la Jumapili. Jikoni moshi, na kuku wawili wamepungua uani, kwa hesabu yangu. Tukaingia, pikipiki sita, tope la nchi mbili mpaka magotini. Akatutazama, halafu akatazama nyuma yetu, barabarani, kama mtu anayesubiri gari lenyewe lifike.

"Wenzako wako wapi, papa?"

"Ndio hawa, Mayi."

Mwenyekiti akavua helmeti. "Mulembe, mayi."

"Mulembe," mama akajibu, kwa adabu, na akatuonyesha viti.

Alituletea maji ya kunawa, akimmwagia kila mmoja, kuanzia kwa Mwenyekiti. Alileta kuku, ugali, mboga, akarudi na ugali mwingine. Mwenyekiti akafungua kinywa, "Mama, huyu kijana wako..." Mama akamwambia, "Wewe kula." Akala. Hakuna aliyenitaja Profesa. Kadogo alikula akiangalia sahani kama mtihani.

Mama hakukaa. Alikwenda mpaka pikipiki zilipoegeshwa, akatembea mstari wote, akaangalia moja moja. Nikamfuata.

"Yako ni ipi?"

Nikamwonyesha.

"Tangu lini?"

"Tangu Januari ya mwaka jana."

Alikuwa mwepesi wa hesabu kuliko mimi siku zote. Akaweka kiganja juu ya tangi, akakiacha hapo, namna anavyomgusa ng'ombe kumjua kama ana homa.

"Kumbe mtamba wangu ndiye huyu," akasema.

Nilianza kuomba msamaha. Niliomba vibaya, kwa sentensi ndefu, za mtu anayelipwa kwa idadi ya maneno. Hakunisikiliza hadi mwisho. Aliingia ndani, na nikasimama pale nikiwaona wenzangu chini ya mwembe wakijifanya wanapenda sana mandhari. Walikuwa wamemaliza. Kitale ilikuwa bado mbali na mawingu yanajikusanya Kimilili. Hakuna aliyegusa helmeti.

Alipotoka alikuwa amevua gauni la kanisani na amebeba gunia lenye mahindi, kama gorogoro saba hivi.

"Unga umeisha," akasema. "Mmeumaliza nyinyi. Nipeleke kwa posho mill, Chwele."

Nikalifunga gunia nyuma kwa blada. Akakaa ubavu, kama wakaavyo kina mama, akashika chuma cha kiti. Bega langu hakulishika. Nikawasha. Nyuma yetu zikawashwa nyingine tano, na Mwenyekiti, bila kuambiwa, akasubiri mimi nitangulie.

Si mbali. Nilikwenda polepole kuliko nilivyowahi kwenda na abiria yeyote, nikikwepa kila shimo, na kwenye kioo nikiona leso yake na nyuma ya leso zile taa. Hakuongea njia nzima. Tulipofika alishuka mwenyewe, akasubiri nifungue gunia, akafungua fundo la leso na kunipa noti ya shilingi hamsini.

"Mayi, hapana."

"Chukua," akasema. "Si ndiyo kazi yako?"

Nikaichukua.